Mwongozo kamili: kuchagua gari lililotumika na kuboresha taa zake za mbele

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua gari lililotumika, usiku haoni mbele. Kabadilisha balbu, bado haoni. Kanunua balbu kali zaidi, sasa anaona mita chache mbele ya bampa, lakini kila anayepishana naye anamwashia fulu. Miezi michache baadaye soketi imeyeyuka na fundi anamwambia waya zote zimeungua.

Kinachokosewa ni mpangilio. Balbu ndiyo ya mwisho kubadilishwa, ila wengi wanaanza nayo. Mwanga hupotea kwenye plastiki ya nje iliyofifia, kwenye waya zilizochoka, kwenye rifleta (bakuli linalong'aa ndani ya taa) iliyoungua na kwenye taa iliyolengwa ovyo. Mengi ya hayo yanaonekana siku ile unapokwenda kuliona gari, kabla hujatoa hela. Kwa hiyo hapa kazi hizi mbili zinakwenda pamoja: kwanza kuchagua gari, kisha kulipatia mwanga.

## Vifaa vya kuandaa

Kwa ukaguzi wa gari:

- Tochi kali
- Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini, isikwaruze rangi
- Multimita
- Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kupitia tundu la OBD
- Kitambaa cheupe au tishu

Kwa kazi ya taa:

- Msasa wa maji namba 800, 1500 na 3000
- Polishi ya plastiki, na klia (rangi angavu ya kupaka juu) yenye kinga dhidi ya miale ya jua
- Tepu ya karatasi, futi ya kupimia, bisibisi
- Glavu safi
- Ukuta ulionyooka mbele ya sakafu iliyo sawa

Multimita usiiruke. Bila hiyo, kila utakachofanya kwenye taa ni kubahatisha.

## Sehemu ya kwanza: kuchagua gari

### Hatua ya 1: Panga saa ya kwenda

Nenda alasiri, umalize giza linapoanza kuingia. Bodi na rangi vinahitaji mwanga wa jua, taa zinahitaji giza. Muuzaji anayesisitiza uje usiku tu, au wakati mvua inanyesha, jiulize anaficha nini. Maji juu ya rangi huficha mawimbi ya puti, ile ya kuziba mabonde ya bodi.

Omba injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto, rudi siku nyingine. Injini yenye shida ya kuwaka, moshi wa asubuhi au kelele za mnyororo hujificha ikishapata joto.

### Hatua ya 2: Zisome taa kabla ya bodi

Taa za mbele ndizo za kwanza kuumia gari likigonga, na kusema kweli hazijui kudanganya. Simama mbele ya gari ulinganishe ya kushoto na ya kulia.

Moja ni angavu na nyingine imekuwa ya njano? Ile angavu imebadilishwa. Chunguza upande huo: boliti za fenda chini ya boneti zina rangi iliyobanduka pembeni, ishara kwamba zimefunguliwa kwa spana? Nafasi kati ya boneti na fenda ni sawa pande zote? Pitisha sumaku taratibu kwenye bodi ya chuma. Mahali isiposhika vizuri pana puti nene. Kumbuka bampa ni plastiki na baadhi ya magari yana boneti ya alumini, huko sumaku haishiki kabisa na si kosa la mtu.

Piga tochi ndani ya taa. Ukungu mwepesi unaoondoka taa ikiwaka kwa muda ni kawaida, kwa sababu taa zina matundu ya kupumulia. Matone makubwa, mstari wa maji au tope kavu ndani ya taa ni habari nyingine. Hapo shuku mafuriko: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uangalie doa la maji, inua zulia, fungua mahali pa tairi la akiba kwenye buti utafute udongo, angalia kutu kwenye vyuma vya chini ya viti. Gari lililozama litakusumbua umeme miaka yote, hata kama injini yake inaimba.

Kisha soma maandishi kwenye plastiki ya taa. Taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina herufi E ndani ya duara, na karibu yake herufi zinazotaja aina. HC ni dimu (mwanga wa chini) ya halojeni, yaani balbu ya uzi unaowaka, HR ni fulu ya halojeni, HCR ni zote mbili. Zikianza na D, kama DC au DCR, taa imeundwa kwa zenoni, balbu ya gesi isiyo na uzi. Ukikuta taa imeandikwa HCR lakini ndani mnawaka zenoni au LED, kuna mtu ameshaichezea. Omba balbu za asili, na ukague waya za nyuma yake kwa makini zaidi.

Kwenye taa hizo utakuta pia alama ya mshale. Mshale mmoja maana yake taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto, mshale wenye vichwa viwili ni ya pande zote, na bila mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Taa ya upande usio wako itawapofusha wanaokuja hata uilenge vipi, na mara nyingi dawa yake ni kununua taa nzima. Ingiza gharama hiyo kwenye bei. Si magari yote yana alama hizi, ila ukuta wa Hatua ya 10 utakupa jibu.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa uhakika kama gari limegongwa mbele, limeingia maji, au taa zake zimebadilishwa.

### Hatua ya 3: Injini, giaboksi na barabara

Fungua kifuniko cha oili. Utelezi wa rangi ya maziwa chini yake unaweza kuwa unyevu tu kwa gari la safari fupi. Ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia oili, maji na oili vinachanganyika. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi tu, la sivyo maji ya moto yatakurukia usoni. Maji yenye utando wa mafuta ni sababu ya kuondoka.

Washa, uangalie bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Mvuke mweupe wa baridi unaokwisha si tatizo. Ule mzito unaoendelea injini ikiwa ya moto ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda.

Kwa giaboksi ya otomatiki, kanyaga breki, weka R kisha D. Gari liitike mara moja bila kugonga. Likisubiri kwanza ndipo lishtuke, usikubali maneno ya "inahitaji oili tu". Barabarani, tafuta mahali salama palipo sawa uone kama usukani unavuta upande, kisha funga breki kwa nguvu kiasi.

Kilomita kwenye dashibodi zisikutishe wala zisikufurahishe. Linganisha na raba za pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kilomita 60,000 huku pedali zake zimelika mpaka chuma halijasema kweli. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

### Hatua ya 4: Umeme na kompyuta

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za tahadhari za injini, ABS na mifuko ya hewa lazima ziwake zote kisha zizime zenyewe injini ikiwaka. Taa ambayo haiwaki kabisa inatisha kuliko isiyozimika. Mara nyingi mtu ameifunika au ameitoa ili usiione.

Chomeka kifaa cha OBD. Usitosheke na "hakuna kosa". Angalia sehemu inayoonyesha majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika au la. Mengi yakiwa hayajakamilika, kumbukumbu imefutwa hivi karibuni au betri imetolewa, labda asubuhi ileile.

Sasa multimita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa kwa muda, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, tarajia 13.8 mpaka 14.4. Washa taa, feni na kipasha kioo cha nyuma kwa pamoja. Volti zikianguka chini ya 13 na kubaki huko, alteneta imechoka. Magari ya karibuni hupunguza chaji yenyewe kwa makusudi, hivyo pima ukiwa umewasha vitu hivyo.

Namba ya chasi kwenye bodi ilingane herufi kwa herufi na karatasi za umiliki. Isipolingana, mazungumzo yameisha.

### Hatua ya 5: Giza limeingia, washa taa

Egesha karibu mita 5 kutoka ukutani, washa dimu. Taa mbili zitoe rangi moja na nguvu moja. Ile yenye uwekundu au hafifu kuliko mwenzake ina tatizo la waya au rifleta. Mtu akanyage mafuta kidogo gari likiwa limesimama: mwanga ukiongezeka sana kadiri injini inavyokwenda, umeme haufiki sawasawa. Andika ulichoona, upatane bei ukiwa na orodha mkononi.

## Sehemu ya pili: kuboresha taa

### Hatua ya 6: Jua ulicho nacho

Nyuma ya kioo utakuta mojawapo ya vitu viwili: bakuli linalong'aa, yaani rifleta, au jicho la duara kama la kamera, yaani projekta. Tofauti hii itaamua balbu.

Aina ya balbu imeandikwa kwenye kitako chake na kwenye kitabu cha gari. H4 ina nyuzi mbili ndani ya balbu moja, dimu wati 55 na fulu wati 60. H7 na H11 zina uzi mmoja wa wati 55, hivyo gari huwa na balbu tofauti ya fulu. Usiamini ya dukani "inaingia tu". Kitako kikilazimishwa, uzi hauketi pale rifleta ilipokokotolewa, na tofauti ya milimita moja inatosha kuharibu umbo la mwanga.

Piga tochi ndani. Rifleta iliyo ya kijivu, ya kahawia au iliyobanduka haiokoki kwa balbu yoyote. Usiifute kwa kitambaa: ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa alumini na unatoka na kidole. Taa nzima ibadilishwe.

Onyo: taa za zenoni za kiwandani huanzishwa kwa umeme unaozidi volti 20,000. Zima taa, toa ufunguo, tenganisha betri kabla ya kugusa chochote.

### Hatua ya 7: Rudisha uwazi wa plastiki

Plastiki ya nje ni polikaboneti yenye utando wa kuzuia miale ya jua. Utando ukifa, plastiki inakuwa ya njano na kutawanya mwanga. Dawa ya meno inang'arisha kweli, kwa wiki chache, kwa sababu inasugua bila kurudisha kinga.

Funika rangi ya gari kuzunguka taa kwa tepu, mistari miwili. Lowesha taa, sugua kwa namba 800 upande mmoja, kushoto kulia, mpaka maji yanayochuruzika yaache kuwa ya njano na yawe meupe. Hapo utando wa zamani umetoka wote. Suuza, endelea na 1500 ukisugua juu chini, ili mikwaruzo ya kwanza ionekane na kufutika. Maliza na 3000. Taa sasa itakuwa na ukungu sawasawa kama kioo cha bafuni, wala usiogope. Piga polishi mpaka iwe wazi, ifute ikauke kabisa, kisha paka klia.

Klia ndiyo kazi yenyewe. Ukiiacha, njano itarudi haraka kuliko ilivyokuja mara ya kwanza. Fanya haya kivulini, pasipo vumbi. Taa za kioo halisi zisipigwe msasa, na nyufa ndani ya plastiki hazitoki kwa kusugua.

Utajua umefaulu: mchana unaona kingo za rifleta wazi bila wingu lolote katikati.

### Hatua ya 8: Pima umeme unaofika

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo mwanga mwingi ulipolala.

Kwa taa za halojeni, washa injini na dimu. Pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye terminali mbili za balbu nyuma ya taa, balbu ikiwa inawaka. Bila balbu kuwaka kipimo hakina maana, kwani waya mbovu huonyesha volti kamili usipoutwisha mzigo. Tofauti ya chini ya volti 0.5 ni nzuri.

Mwanga wa halojeni haupungui kwa kiasi kilekile cha volti. Hupungua kwa kasi zaidi: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza takriban asilimia 30 ya mwanga. Betri ikisoma 14.0 na balbu 12.6, tayari uko hapo, na hakuna balbu ya kifahari itakayofidia.

Anza na athi. Fungua boliti inayofunga waya mweusi kwenye bodi, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga tena. Safisha soketi, na iliyoungua ibadilishwe. Pima upya.

Bado volti hazifiki? Funga waya wa relei (swichi ya umeme inayoamriwa na swichi nyingine): waya mnene, kama wa milimita za mraba 2.5, kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, hadi relei, kisha balbu. Swichi ya zamani inabaki kuamuru relei tu. Mwambie fundi umeme aangalie kwanza gari linakata umeme wa taa upande gani, chanya au hasi. Magari mengi ya Kijapani yenye H4 hukata kwenye hasi, chanya ikiwa ya pamoja, na seti ya relei iliyotengenezwa kwa mfumo wa kinyume haitafanya kazi.

### Hatua ya 9: Chagua na ufunge balbu

Kwa rifleta ya halojeni, chaguo langu ni balbu nzuri ya halojeni ya wati zilezile. Zile zinazotangazwa kuongeza asilimia 100 au 150 zina uzi uliobanwa na unaowaka kwa joto zaidi, hivyo sehemu muhimu ya barabara inapata mwanga zaidi kweli, lakini hufa mapema. Anayeendesha kila usiku achukue ya kawaida au ya wastani.

Za kuepuka ziko wazi. Balbu ya wati 100 inavuta karibu ampea 8.3, wakati waya na soketi vilipangiwa karibu 5. Ndizo zinazoyeyusha soketi na kuunguza rifleta. Balbu zilizopakwa bluu zinachuja mwanga ili uonekane mweupe, kwa hiyo unalipia upungufu. Kelvini ni rangi ya mwanga tu, haisemi chochote kuhusu nguvu yake, na mwanga wenye ubluu unachosha zaidi kwenye mvua na ukungu.

Seti za zenoni ndani ya rifleta ya halojeni, usiweke. Chanzo chake cha mwanga kina umbo tofauti na uzi, na mwanga unamwagika kila upande.

LED ndiyo inayoulizwa zaidi. Shida yake ni ileile kwa kiwango kidogo: rifleta imekokotolewa kwa uzi unaong'aa pande zote, LED inang'aa pande mbili. Matokeo yake ni eneo jeupe mno karibu na bampa. Jicho lako linazoea mwanga huo wa karibu, na mbali kunazidi kuwa giza, ingawa wewe unahisi umepata taa kali. Kwenye projekta matokeo huwa afadhali. Nchi nyingi haziziruhusu kwenye taa za halojeni. Ujerumani ilianza kuruhusu chache mwaka 2020, tena kwa magari yaliyoorodheshwa tu. Ukiamua kuzitumia, hakikisha sheria inakuruhusu, chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini, na kifuniko cha nyuma cha kuzuia maji kifunge. Wanaokiacha wazi ili feni ipumue wanakaribisha maji ndani ya taa. Kumetameta baada ya kufunga kunatokana na kompyuta ya gari kukagua balbu, na kunahitaji kirekebishi.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Zima taa, ziache zipoe. Shika balbu kwa kitako, ukiwa na glavu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake hutengeneza sehemu yenye joto la kupita kiasi na balbu hupasuka au kufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Vishikizo vya kitako viingie kwenye nafasi zake bila kulazimisha, klipu ilie. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

### Hatua ya 10: Lenga taa

Hata taa ya asili isiyoguswa huhitaji hatua hii, achilia mbali iliyofunguliwa.

Jaza upepo sawa kwenye tairi, ondoa mizigo, mtu akae kiti cha dereva, kidhibiti cha kimo cha taa kiwe kwenye 0. Egesha taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani, gari likiwa limenyooka. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka sakafuni, weka tepu ukutani kwa kimo hicho. Chini yake sentimita 5 weka tepu ya pili. Hiyo ni asilimia 1 ya umbali wa mita 5. Baadhi ya magari yana kibandiko au alama karibu na taa inayotaja asilimia yake, na ikiwepo fuata hiyo.

Washa dimu, funika taa moja, zungusha skrubu ya kimo mpaka mstari wa juu wa mwanga ukae kwenye tepu ya pili. Rudia kwa nyingine. Mstari uwe bapa upande wa magari yanayokuja, na uinuke upande wa ukingo wa barabara. Ukipanda kuelekea wanaokuja, taa hiyo si ya nchi yako.

Usiishushe zaidi ukidhani unawahurumia wengine. Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini, ikilengwa kwa asilimia 1, inafika mita 65. Kwa asilimia 3 inafika kama mita 22, na ukienda kilomita 80 kwa saa unazimaliza kwa sekunde moja.

Utajua umefaulu: ukutani unaona mstari mkali, nusu ya juu ni giza, barabarani ishara za mbali zinasomeka na wanaopishana nawe hawakuwashii fulu.

Baada ya siku chache za kuendesha usiku, zima gari, fungua boneti na ukague nyuma ya kila taa: soketi isiwe imelainika wala kubadilika rangi, na pasiwe na harufu ya plastiki iliyoungua. Pima tena volti kwenye balbu. Zikiwa zimeshuka kuliko ulipomaliza Hatua ya 8, kiunganishi kimojawapo kimelegea, kitafute kabla hakijakuzimia taa njiani.